Nyuma ya Goli la Elisha

Kipindi cha kwanza kilikuwa rahisi kwa sababu Elisha alikuwa mbali.

Alikuwa analinda lango la upande wa pili, na mimi nilikuwa huku, nimekaa juu ya ukuta mfupi ulio kati ya senyenge na majukwaa, uwanja nimeupa mgongo, macho kwa mashabiki. Tulikuwa kumi na mmoja, wote wa Hombolo, wote tumevaa fulana nyeupe. Kila fulana ilikuwa na alama ya kiganja cheusi katikati ya mgongo. Yudith ndiye aliyebuni. Alipita nyumba kwa nyumba na ndoo ya tope la korongo letu, na kila mzazi akachovya mkono na kuugandamiza kwenye fulana ya mwanawe. Tope lile halitoki hata kwa sabuni. Lina mafuta.

Kiganja cha mgongoni mwangu kilikuwa cha baba.

Mimi ni mtu ambaye hata kwaya naimbia mstari wa nyuma. Kukaa mbele ya jukwaa zima, watu wakinitazama usoni, ni kitu ambacho nisingekifanya kwa ajili yangu mwenyewe. Mikono sikujua niiweke wapi.

"Oya dada zangu, mpira uko nyuma yenu!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Waache, wamenuniana na refa."

"Yule wa pembeni aendelee hivyohivyo, anatufaa sisi huku!"

Watu wakacheka. Wa pembeni nilikuwa mimi. Yudith, aliyekaa karibu nami, akanifinya goti.

"Tabasamu kidogo, Loisi. Umekaa kama umekuja kung'olewa jino."

Polisi mmoja alishuka ngazi akasimama mbele yetu. Alitutazama mmoja mmoja, kama mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi darasani.

"Nyie mmelipa kiingilio mje kutazama watu?"

"Afande, tiketi haijaandika tutazame wapi," Yudith alimjibu, akampa yake.

Polisi aliigeuza tiketi mbele na nyuma, akaisoma kweli, kisha akamrudishia. "Mkikaa kimya, kaeni. Mkianza fujo nawatoa."

"Hatuna fujo, afande. Tuna migongo tu."

Mzee mmoja mwenye redio ndogo sikioni alituuliza kwa upole tuna shida gani. Yudith akamweleza. Sumbulu, kampuni ya mafuta iliyoandikwa kifuani mwa wachezaji wa Tambarare, ina yadi ya malori upande wa juu wa mashamba yetu. Malori yanaoshwa hapo, na mvua ikinyesha kila kitu kinashuka korongoni. Maji ya visima yamefanya utando unaometameta. Zabibu zimenuka mafuta ya taa, wanunuzi wamezigomea. Barua tumeandika, majibu hakuna. Badala ya majibu, msimu uliopita tukaona jezi mpya.

"Na timu imekosa nini?" mzee aliuliza.

"Timu haijakosa kitu, babu. Jezi ndiyo imekosa."

Mzee alitikisa kichwa, sikujua ni kukubali au kusikitika, akarudisha redio sikioni.

Katika wenzangu wa pale ukutani ni Yudith peke yake aliyejua kwamba golikipa wa Tambarare ni mchumba wangu. Au alikuwa mchumba wangu, mpaka Jumamosi ya wiki iliyopita.

Jumamosi ile ujumbe wa kwao, mama yake akiwemo, ulikuja kwetu Hombolo na barua ya posa. Mshenga alikuwa mjomba wake, Silvano, mtu mcheshi, suti imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Walikaribishwa, wakala, wakasema maneno yao vizuri. Kisha wakatoa zawadi ya kwanza, blanketi la bibi. Bibi yangu haoni vizuri. Alilipapasa, akalileta shavuni, akasema, "Zito hili. Hili limenunuliwa na mtu mwenye heshima." Baba alikuwa amekaa karibu yake. Yeye anaona. Pembeni mwa blanketi palikuwa na tone la njano lililodariziwa, na chini yake jina, Sumbulu. Yalikuwa mablanketi ambayo kampuni iliwapa wachezaji mwisho wa msimu.

Baba hakupandisha sauti. Alilichukua taratibu mikononi mwa bibi, akalikunja mara mbili, akamrudishia mjomba Silvano kwa mikono miwili.

"Tuleteeni jingine," alisema. "Lolote. Hata lililochakaa."

Lakini kwa wazee wetu blanketi la bibi likirudi, posa imerudi. Mjomba Silvano hakusikia neno jingine baada ya hapo. Alisimama na ujumbe wote ukasimama. Barua ilibaki mezani, haijafunguliwa, karibu na sahani ya ubuyu. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi zangu, nimevaa gauni jipya, nasikiliza viatu vikitoka.

Tangu siku ile Elisha alinipigia mara moja tu. Aliniambia Sumbulu wamemchagua awe sura ya matangazo yao na kwamba atasaini Jumapili, baada ya mechi. Nilimwomba kitu kimoja. Nilimwomba asisaini. Akasema, "Nawe utakaa na kina Yudith wanaotupa mgongo?" Nikasema ndiyo. Simu ikakatwa.

Filimbi ya mapumziko ililia, bila bila. Tuliruhusiwa kusimama na kunyoosha miguu, lakini si kugeuka. Ahadi yetu ilikuwa mpaka filimbi ya mwisho. Waandishi walikuwepo na kamera. Mmoja wetu akigeuka kuchungulia, kesho tungekuwa kichekesho, na visima vyetu vingekuwa kichekesho pamoja nasi.

Ndipo nilipomwona mama yake Elisha anashuka ngazi.

Nilikuwa nimesahau. Mama Paskazia hukaa nyuma ya goli la mwanawe. Timu zikibadilishana upande, naye hubeba kigoda chake cha sponji na chupa yake ya chai na kuhama. Amefanya hivyo tangu Elisha anadakia timu ya shule. Alikuja polepole, khanga imefungwa vizuri kiunoni, akapata nafasi safu ya pili, uso kwa uso na mimi. Tulitenganishwa na hatua tatu.

"Shikamoo, mama," nilisema. Sauti ilitoka nusu.

"Marahaba." Aliweka kigoda chake, akakaa, akajinyoosha khanga. "Nimesikia kuna mabinti wamekuja kumpa mgongo mwanangu. Nikasema haiwezekani mmoja wao awe yule niliyeenda kumposa."

"Mama, si yeye tunayempa mgongo."

"Nani yuko nyuma yako sasa hivi?"

Nilisikia njumu zinakuja juu ya nyasi. Uwanja ule hauna njia ya riadha, goli liko karibu na senyenge kiasi kwamba golikipa akikohoa unamsikia. Zilifika, zikasimama. Nikasikia chupa ya maji inawekwa chini, glavu zinapigwa moja kwa nyingine mara mbili, halafu mara moja. Ndivyo afanyavyo Elisha kila mara. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka.

"Loisi."

Alisema jina langu kama anavyolisema, akilivuta mwanzoni. Yudith alinishika mkono.

"Dakika arobaini na tano tu," alininong'oneza. "Vumilia."

Kipindi cha pili kikaanza. Niliutazama mchezo kwenye nyuso za watu. Mpira ukiwa mbali, nyuso zilitulia na midomo ikatafuna karanga. Mpira ukija kwetu, nyuso zilikaza, watu wakanyanyuka nusu, na mama Paskazia akafumba macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye huhama na mwanawe mechi nzima, lakini kwenye hatari hamtazami. Husali.

Mpira ulipokuwa mbali, Elisha aliongea.

"Huo mkono mgongoni ni wa nani?"

Niliinyoosha fulana.

"Loisi, nakuuliza. Wa nani?"

"Wa baba."

"Kidole cha shahada ni kifupi," alisema. "Nikajua ni wa mzee Elieza. Ndio mkono ulionirudishia blanketi."

"Alirudisha nembo, Elisha. Hakukurudisha wewe. Alisema mlete jingine."

"Mjomba hakuniambia hivyo."

"Mjomba alishasimama."

Mama Paskazia alikuwa anasikia kila neno. "Lile blanketi mimi ndiye niliyelichagua," alisema, na hakuwa anakejeli tena. "Alipewa mawili. Moja nikasema nitajifunika, hili la pili nikaliweka kabatini miezi yote sijaligusa, kwa ajili ya bibi ya mkwe wangu. Sijawahi kuwa na kitu kizuri kama kile, binti. Sikuangalia pembeni kumeandikwa nini. Nani anaangalia pembeni mwa blanketi?"

Machozi yalinitoka hapohapo, mbele ya jukwaa zima. "Pole, mama. Sikujua."

"Na sisi hatukujua," alisema, akageuzia uso upande.

Nyuso zikakaza. Watu wakanyanyuka. Nikasikia Elisha anawapigia kelele mabeki, "Toka! Toka kushoto! Kaa naye!" kisha kishindo cha mwili ardhini na jukwaa zima likasema, "Aaah!" Mama Paskazia akafumbua macho. Mzee wa redio akapiga makofi. Nikajua amedaka.

Mpira ulipokwenda mbali tena, alirudi karibu na senyenge. Alikuwa anahema.

"Wameniwekea meza kule karibu na vyumba vya kubadilishia nguo," alisema. "Kuna bango, kuna mpiga picha. Mechi ikiisha nasaini. Sura yangu itakaa kwenye kila kituo chao kuanzia hapa mpaka Singida."

"Umeshaniambia."

"Sijamaliza. Geuka nikuone uso. Mara moja tu. Ukigeuka, siendi."

Yudith aliachia mkono wangu. Aliniangalia kwa jicho la pembeni, lakini hakusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Niwe mkweli. Niligeuza bega. Ningeweza kusema ilikuwa hatua ndogo, kwamba hakuna mwandishi angeona, kwamba uso wangu mmoja ungeinunua sura yake yote. Nilimpenda kiasi hicho. Nilimpenda tangu bonanza la chuo, alipodaka mpira wa mwalimu wetu wa utawala kisha akamwomba msamaha. Bega lilikuwa limeshageuka nilipokumbuka baba alivyochovya mkono kwenye ndoo. Alikuwa ameuangalia kwanza, kama mtu anayeaga, akaniambia, "Simama vizuri mwanangu, isije ikapinda."

Nikalirudisha bega.

"Elisha, hapana."

"Uso tu, Loisi! Siombi kingine!"

"Unaniuzia. Ukitaka kukataa, kataa kwa sababu ya maji tunayokunywa. Umeogelea bwawa la kwetu. Umekunywa kwenye kisima kile, ukasema maji ya kwetu ni matamu. Usikatae kwa sababu ya uso wangu. Siku nikikununia utarudi kwao."

"Unajua mimi nikikataa nini kinatokea? Unajua benchi kuna nani anasubiri nafasi yangu? Nimedaka miaka sita bila mtu kujua jina langu!"

"Mimi nilijua."

Nilisikia njumu zikirudi golini.

"Mwache mwanangu adake," mama Paskazia alisema, lakini aliisema chini, kama anayejisemea. Kisha akainama kuelekea kwangu. "Binti, na wewe, kweli uso utakugharimu nini?"

"Mama, maji ya kwenu Ipagala yanatoka bombani. Ya kwetu ukiyachota ndoo inameta. Bibi yangu anayapikia ugali kwa sababu haoni. Sisi tunamwacha ale, tukiogopa kumwambia."

Sikupanga kuyasema. Hata Yudith sikuwahi kumwambia. Mama Paskazia aliweka mkono juu ya mdomo. Alikuwa ameketi na bibi yangu Jumamosi ile. Walikula sahani moja.

Zilikuwa zimebaki dakika chache nilipoona jukwaa lote linasimama kwa pamoja, mikono vichwani. Wengine walimtukana refa. Mzee wa redio alikaa chini, akaizima.

"Nini?" niliuliza.

"Penati," alisema. "Wamepewa penati."

Nyuma yangu nilisikia Elisha anagonga mwamba kwa glavu, mara mbili, halafu mara moja. Kisha sauti yake, ndogo, si ya golikipa tena.

"Loisi. Naogopa."

Hakuwa anauza kitu safari hii. Ndiyo maana iliniumiza zaidi. Mama Paskazia alikuwa ameshasimama. Alishuka zile hatua tatu, akiacha kigoda na chupa ya chai, akaja mpaka ukutani nilipokuwa. Akageuka, naye akaupa uwanja mgongo, akakaa kati yangu na Yudith. Fulana hakuwa nayo. Alikuwa na khanga yake tu. Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi na wangu umelowa.

"Mimi hizi sijawahi kuzitazama hata moja," alisema. "Hutuoni, mwanangu, lakini tupo!" alipaza sauti, uso wake ukiwa kwa mashabiki. "Tupo hapa wote wawili!"

"Tupo, Elisha!" nilisema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

Uwanja ukanyamaza. Nilisikia upepo unapiga bendera za timu. Nilisikia mama Paskazia anasali kwa Kigogo, maneno yanagongana. Filimbi. Hatua za mpigaji, nne, tano. Mguu ukagonga mpira.

Sijui aliruka upande gani. Niliona tu nyuso mia zinafunguka kwa pamoja, midomo, macho, watu wanarukiana, karanga zinamwagika, mzee wa redio anambusu polisi kwenye kofia. Mama Paskazia alinikumbatia akanitikisa. "Kadaka! Kadaka! Kadaka!" Hatukuwa tumeona chochote. Tulilia kama watu waliotoka msibani.

Dakika tatu baadaye ikalia filimbi ya mwisho, na ahadi yangu ikaisha. Niligeuka haraka mpaka nikajikwaa.

Alikuwa bado yupo. Alikuwa amesimama upande wa pili wa senyenge, nyasi zimemganda shavuni, jina la Sumbulu limechafuka kifuani. Tulitazamana. Zaidi ya siku nane sikuwa nimeuona uso ule. Nikapitisha vidole kwenye matundu ya senyenge naye akavigusa kwa glavu.

"Mlikuwa mmekaa pamoja," alisema. "Wewe na mama."

"Ndiyo."

"Nilipogeuka kushoto kuuona mpira ulivyotoka, niliona migongo kumi na miwili." Alicheka kidogo, kisha cheko likafa. "Loisi, sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama naweza."

Kutoka upande wa vyumba mtu alimwita kwa kipaza sauti. Elisha Mazengo anaombwa kwenye meza ya wadhamini. Mashabiki wakashangilia jina lake. Miaka sita alikuwa anasubiri walishangilie hivyo, na mimi nilimwona analisikia. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyeitwa mbele kupokea zawadi.

"Usiende," nilisema.

"Nilikuomba uso."

"Umeshaupata. Huu hapa."

"Umechelewa kidogo," alisema, si kwa hasira. Akaondoa glavu kwenye vidole vyangu.

"Elisha!" mama yake aliita. "Elisha, baba, ngoja kwanza tuongee!"

Alimpungia mkono. Labda hakusikia. Labda alisikia. Alianza kutembea, kisha akakimbia kidogo, kama wachezaji wanavyokimbia wanapoitwa. Wenzake walimpiga mabegani. Aliukata uwanja mzima, akawa mdogo, akafika kwenye meza yenye kitambaa cha njano. Mtu mwenye suti akampa kalamu.

Mama Paskazia aliuficha uso wake begani mwangu. "Niambie," alisema. "Mimi siwezi kutazama. Niambie anafanya nini."

Yudith na wenzetu walikuwa wanakusanya chupa zao. Mmoja alinivuta fulana, akaniambia twende, tumemaliza, tusione mengine ya kutuumiza bure. Ningeweza. Ningegeuka tu kama nilivyogeuka dakika tisini.

"Ameinama juu ya meza, mama," nilisema. "Sasa ameinuka. Wanampanga. Mpiga picha anamwelekeza acheke."

"Na anacheka?"

Nilishika senyenge kwa mikono miwili. Alicheka, yule Elisha wangu, meno yote, na mwanga wa kamera ukampiga mara tatu.

"Anacheka," nilisema, na safari hii sikugeuka.